Antibiotiki tano na pumu ya ngozi isiyopona: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki kinamhusu mtoto wa kiume wa miaka minane, mwenye uzito wa kilo 22, aliyeletwa na bibi yake katika kliniki ya ngozi kaskazini mwa Tanzania akiwa na vidonda vyenye usaha miguuni na mikononi. Maelezo yanayoweza kumtambulisha yameachwa au kubadilishwa. Nimekichagua kwa sababu katika mwaka mmoja mtoto huyu alikuwa ameshapewa antibiotiki za aina tano, tatu kati yake zikaonekana kusaidia kwa siku chache kisha ugonjwa ukarudi palepale. Kwa maoni yangu, sababu ya kurudi huko haikuwa usugu wa bakteria peke yake, jambo ambalo wengi wetu hukimbilia kulidhani, bali ni ugonjwa wa ngozi uliokuwa chini ya vidonda hivyo, yaani pumu ya ngozi (ekzema), ambao hakuna aliyeutibu hadi mwisho.

Mtoto alianza kuwashwa akiwa na umri wa mwaka mmoja, kwanza mashavuni, kisha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Baba yake ana pumu ya kifua, na dada yake hupiga chafya mfululizo wakati wa vumbi. Usiku hujikuna hadi shuka zinapata madoa ya damu, na mwalimu wake ameshalalamika kwamba husinzia darasani. Hii ni picha ya pumu ya ngozi isiyohitaji kipimo chochote ili kutambuliwa. Katika mwaka uliotangulia alipewa amoksisilini, kisha mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, kisha Septrin (kotrimoksazoli), kisha azithromaisini ya siku tatu, na mwisho sindano za seftriaksoni katika zahanati. Bibi alikuwa amehifadhi karibu kila boksi. Alifungua kitenge alichozifungia, akazipanga mezani kwa mfuatano wa miezi, akasema, "Mwanangu, damu ya huyu mtoto ni chafu. Mimi nataka dawa ya kuisafisha moja kwa moja."

Maboksi yale yalinisaidia kuliko kipimo chochote kilichofuata, kwa sababu katikati ya antibiotiki kulikuwa na vitu vingine ambavyo hakuna aliyevihesabu kama dawa. Pamoja na amoksisilini kulikuwa na tyubu ya gramu 15 ya krimu ya mchanganyiko wa betamethasoni, jentamisini na klotrimazoli, ile inayouzwa katika kila duka la dawa bila cheti. Tyubu nyingine ya aina hiyo ilikwenda na ampisilini na kloksasilini. Wakati wa sindano alipewa pia vidonge vya prednisoloni vya siku tano. Septrin na azithromaisini pekee ndizo hazikuandamana na steroidi yoyote, yaani dawa ya kutuliza mwasho na uvimbe kama betamethasoni na prednisoloni, na bibi, bila kuongozwa, alisema kwamba "zile mbili hazikufanya kitu." Nafuu zote tatu alizozikumbuka vizuri, basi, zilitokea pale ambapo mtoto alipata steroidi, iwe ya kupaka au ya kumeza. Hilo halithibitishi kwamba antibiotiki hazikuwa na mchango, lakini linatosha kumfanya mtu aulize ni dawa ipi hasa iliyokuwa inafanya kazi.

Zingatia pia ukubwa wa tyubu. Kipimo kinachotumika katika kliniki za ngozi ni urefu wa dawa unaotoka kwenye tyubu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza, ambao ni karibu nusu gramu na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kwa mtoto wa umri huu, mkono mzima huhitaji vipimo viwili na nusu, na mguu mzima vinne na nusu. Ukijumlisha mikono yote miwili na miguu yote miwili unapata vipimo 14, yaani gramu 7 kwa kila kupaka. Ngozi yake iliyoathirika ilikuwa karibu nusu ya maeneo hayo. Hivyo hata kwa kupaka mara moja tu kwa siku, tyubu ya gramu 15 ingekwisha ndani ya siku ya tano, siku ambayo, kwa maelezo ya bibi, mambo yalikuwa yanaanza kukaa vizuri. Ugonjwa uliachiwa ukiwa umepoa nusu, na antibiotiki iliyofuata ikalaumiwa kwa kutomaliza kazi ambayo haikuwa yake.

Nilipomchunguza, joto lake lilikuwa nyuzi 38.3. Mapaja ya nyuma, nyuma ya magoti na sehemu kubwa ya miundi vilikuwa na magamba ya rangi ya asali, unyevunyevu unaochuruzika, na vijipu vidogo vya usaha kwenye vinyweleo. Alikuwa na mitoki kwenye kinena pande zote mbili, na aliruka nilipoigusa. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu unaoelezwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Huja kama zambarau iliyokoza, kijivu, au weusi uliozidi ngozi ya jirani, na daktari anayetafuta wekundu atapitwa na maambukizi ya kweli. Kinachotegemewa ni mkono: joto la ngozi kwa mgongo wa kiganja, uvimbe, ugumu, na maumivu mahali ambapo jana palikuwa panawasha tu. Mwasho kugeuka maumivu ni dalili ninayoiamini sana katika ugonjwa huu.

Mambo mawili yalipaswa kuondolewa kabla ya kuandika dawa. La kwanza ni upele unaoletwa na utitiri, kwa kuwa huwasha usiku, hupata bakteria kirahisi, na hakuna antibiotiki wala steroidi itakayouponya. Nilikagua katikati ya vidole, vifundo vya mikono na sehemu za siri, nikauliza kama kuna mwingine nyumbani anayejikuna. Hapakuwa na dalili. La pili ni virusi vya hepesi kusambaa juu ya pumu ya ngozi. Virusi hivyo huleta vidonda vidogo vya duara vinavyofanana ukubwa, kana kwamba vimetobolewa kwa kifaa kimoja, pamoja na homa na maumivu makali, na mtoto huhitaji asaikloviri, dawa ya virusi hivyo, siku hiyo hiyo. Hili hukosewa mara kwa mara, kwa sababu magamba ya juu hufanana na ya bakteria, na watoto hupewa antibiotiki moja baada ya nyingine huku virusi vikisogea kuelekea machoni. Mtoto wetu hakuwa na hepesi.

Sasa tuje kwenye bakteria wenyewe. Katika pumu ya ngozi mhusika mkuu ni stafilokokasi aureasi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikadiria kwamba bakteria hao hupatikana kwenye ngozi yenye ugonjwa kwa takriban asilimia 70 ya wagonjwa, na hata kwenye ngozi yao inayoonekana nzima kwa asilimia 39. Maana yake kwa tabibu ni kubwa: ukichukua pamba ukapangusa ngozi ya mtoto mwenye pumu ya ngozi ambaye hana maambukizi yoyote, maabara itakuletea jibu la stafilokokasi mara nyingi kuliko kutokuleta. Jibu hilo linasema nani anaishi pale, halisemi kama amefanya uharibifu. Nimeona antibiotiki zikiandikwa kwa ajili ya karatasi ya maabara wakati mtoto mwenyewe anacheza mlangoni, na ni tabia ninayotamani iishe.

Kwa nini wanaipenda ngozi hii? Ngozi ya mtu mwenye soriasi, ugonjwa mwingine wa ngozi, nayo imepasuka na ina magamba, lakini huingiwa na bakteria mara chache sana. Mwaka 2002 watafiti walionyesha sehemu ya sababu: katika soriasi ngozi hutengeneza kwa wingi protini ndogo zinazoua bakteria, na katika pumu ya ngozi protini hizo huwa kidogo. Zinazozishusha ni kemikali za inflamesheni yenyewe, yaani ule mwitikio wa kinga ya mwili unaoifanya ngozi iwake, ivimbe na kuwasha. Inflamesheni hiyo hiyo hudhoofisha ukuta wa nje wa ngozi, maji yakatoka na vimelea vikaingia. Kisha stafilokokasi hutoa sumu na vimeng'enya vinavyochochea inflamesheni zaidi, mtoto akajikuna zaidi, na njia ikawa wazi zaidi. Katika miaka ya karibuni imeonekana kwamba wagonjwa wanaopewa dupilumabu, dawa inayozima kemikali hizo na isiyoua bakteria hata mmoja, stafilokokasi hupungua kwenye ngozi zao na bakteria wa kawaida hurudi. Kwangu huo ni ushahidi mzito. Tuliza inflamesheni, na sehemu kubwa ya bakteria wataondoka wenyewe.

Je, mtoto huyu alihitaji antibiotiki? Swali hili halina jibu moja kwa wagonjwa wote. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017 liligawa watoto 113 wenye pumu ya ngozi iliyoonekana kuwa na maambukizi mepesi katika makundi matatu: flukloksasilini ya kunywa, krimu ya asidi ya fusidiki, au dawa bandia, wote wakipewa steroidi ya kupaka na mafuta ya kulainisha ngozi. Antibiotiki, ya kunywa au ya kupaka, hazikuleta faida ya maana juu ya steroidi na mafuta. Ndiyo sababu mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini humo, unashauri kwamba mgonjwa asiye na dalili za kuugua mwili mzima asipewe antibiotiki kwa mazoea. Lakini watoto wenye maambukizi makali hawakuingizwa katika jaribio hilo, na wetu alikuwa na homa, mitoki, maumivu na eneo kubwa lenye usaha. Kumnyima antibiotiki kwa jina la kupambana na usugu kungekuwa kutumia ushahidi mahali usipofika. Nilimpa.

Kuhusu aina ya dawa, ni vyema kupitia zile tano moja moja, kwa sababu kila moja inafundisha kitu. Amoksisilini haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Stafilokokasi nyingi zina kimeng'enya kinachovunja penisilini, aina ya kimeng'enya iliyoelezwa kwa mara ya kwanza katika bakteria wengine mwaka 1940 kabla hata penisilini haijaanza kuuzwa, na amoksisilini huvunjwa nacho vilevile. Katika mchanganyiko wa pili, nusu ya kapsuli ni ampisilini yenye udhaifu huo huo. Kinachofanya kazi ni kloksasilini peke yake, kwa hiyo mtoto anayepewa kapsuli moja ya miligramu 500 anapata miligramu 250 tu za dawa halisi, huku bakteria wa tumbo lake wakipigwa bure. Septrin imetumika sana katika eneo letu kwa miaka mingi na usugu dhidi yake umeenea. Azithromaisini hukaa mwilini muda mrefu ikishuka polepole, na katika kushuka huko bakteria hukutana na kiasi kisichowaua bali kinachowachuja sugu wabaki. Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake wa antibiotiki ulioanza mwaka 2017, limeiweka katika kundi la kutumiwa kwa uangalifu. Seftriaksoni iko katika kundi hilo hilo. Watu huiona kuwa dawa kali kwa kuwa ni sindano, ilhali dhidi ya stafilokokasi wa kawaida ni dhaifu kuliko kloksasilini.

Chaguo la kwanza kwa maambukizi ya namna hii, ambapo stafilokokasi ndiye mhusika mkuu na streptokokasi anaweza kuwa naye, ni kloksasilini au ndugu yake flukloksasilini, ambazo huwafikia wote wawili. Streptokokasi hapaswi kusahauliwa katika nchi zetu, kwani anapokaa kwenye ngozi anaweza kufuatiwa na ugonjwa wa figo. Mkojo wa mtoto ulipimwa na haukuwa na damu wala protini. Tatizo la kloksasilini lilikuwa la nyumbani. Hunywewa mara nne kwa siku, tumbo likiwa tupu, na mtoto huyu huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kula uji shuleni. Ya maji huhitaji friji baada ya kuchanganywa, na nyumbani hakuna friji. Tulimjaribu kumeza kapsuli pale pale kliniki, akaweza. Nikachagua sefaleksini kapsuli ya miligramu 250 mara tatu kwa siku kwa siku saba: asubuhi kabla ya shule, mchana akirudi, na wakati wa kulala. Kwa uzito wake hiyo ni kama miligramu 34 kwa kila kilo kwa siku, kiasi kinachotosha, na chakula hakiizuii kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ina wigo mpana kidogo kuliko kloksasilini, na hilo nilikubali kulilipa, kwa sababu dawa nyembamba inayonywewa mara mbili badala ya nne ni mbaya kuliko dawa pana kidogo inayonywewa yote.

Usaha ulipelekwa maabara kabla ya kapsuli ya kwanza. Kwa kawaida sipimi maambukizi ya mara ya kwanza, lakini baada ya antibiotiki tano ilikuwa lazima kujua kama tunashughulika na stafilokokasi sugu wa aina ya MRSA, yaani asiyeuawa na kloksasilini na jamii yake. Jibu lilikuja baada ya siku tatu: stafilokokasi aureasi, sugu kwa penisilini, kotrimoksazoli na erithromaisini (ndugu wa azithromaisini), lakini kipimo cha sefoksitini, ambacho ndicho humtambua MRSA, kilionyesha kwamba kloksasilini na sefaleksini bado zinamuua. Baada ya mwaka mzima wa dawa, dawa ya kwanza kitabuni bado ilikuwa hai. Kama tungekuwa na MRSA, ningehamia klindamaisini, baada ya kuhakikisha kwamba maabara imefanya kile kipimo cha ziada cha kuweka karatasi ndogo yenye dawa hiyo karibu na ya erithromaisini juu ya bakteria, kwa maana usugu wa klindamaisini unaweza kujificha nyuma ya usugu wa erithromaisini.

Steroidi ilianza siku ile ile, juu ya ngozi hiyo hiyo yenye usaha. Hapa ndipo wenzangu wengi husita, wakihofia kwamba steroidi italisha bakteria. Antibiotiki ikiwa imeanza, na hepesi ikiwa imeondolewa, hofu hiyo haina msingi. Kuchelewesha steroidi hadi vidonda vikauke ni kuacha chanzo kikiendelea. Aliandikiwa mafuta ya betamethasoni ya asilimia 0.1 mara moja kwa siku kwenye mikono na miguu kwa wiki mbili, haidrokotisoni ya asilimia 1 usoni, kwa kiasi cha tyubu kinacholingana na hesabu niliyoeleza juu. Krimu ya mchanganyiko wa dawa tatu ilisimamishwa. Jentamisini ya kupakwa miezi na miezi hutengeneza usugu na wakati mwingine mzio wa ngozi, na klotrimazoli ilikuwa ikitibu fangasi ambao hawakuwepo.

Siku nne za kwanza, miguu ililowekwa katika maji ya pamanganeti yaliyochanganywa hadi kuwa ya waridi hafifu, kwa dakika kumi, ili kukausha uchuruzikaji. Baada ya hapo yalifuata maji ya klorini mara mbili kwa wiki. Dawa ya kufulia nguo nyeupe inayoandikwa asilimia 3.5 huingia kijiko kimoja cha chakula cha mililita 15 katika ndoo ya lita 10 za maji ya uvuguvugu, na hapo inafikia karibu asilimia 0.005, ukali unaotumika katika tafiti. Anakaa kwenye beseni dakika kumi, anasuuzwa, anapakwa mafuta. Tafiti hazikubaliani juu ya ukubwa wa faida yake kuliko maji matupu, na sitaiuza kama muujiza, ila kwa mtoto anayepata maambukizi mara kwa mara naiona ni jambo la kujaribu, mradi kijiko ni cha kupimia na chupa inakaa mbali na watoto.

Bibi alikuwa amekuja pia na kopo la mafuta ya mgando. Nililifungua. Juu ya mafuta kulikuwa na michirizi ya kucha, chembe za ngozi na ukoko mdogo wa damu, na kopo hilo lilikuwa likitumiwa na watoto watatu. Mtoto alikuwa akirudishiwa bakteria wake kila jioni baada ya kuoga. Kopo jipya lilitengwa kwa ajili yake peke yake, mafuta yakawa yanachotwa kwa kijiko safi na kuwekwa kwenye kisosi, na taulo lake likatengwa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato ni bora kabisa kwa kazi hii na bei yake inavumilika. Tatizo pekee ni kwamba hupakwa kidogo mno, wakati mtoto huyu anahitaji robo kilo kwa wiki. Kuhusu damu chafu nilimweleza bibi kwamba damu ya mjukuu wake ni safi, na kwamba ngozi ndiyo inayovuja na kuwaka, kwa hiyo dawa kubwa iko kwenye kopo na tyubu na si kwenye kapsuli. Aliuliza kama basi dawa itamaliza ugonjwa. Nilimjibu hapana, watoto wengi hupata nafuu kubwa wanavyokua, lakini kwa sasa ni ugonjwa wa kuongozwa.

Homa ilitoka siku ya pili. Kufikia siku ya nane magamba yalikuwa yameanguka, mitoki imelainika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mtoto alikuwa akilala hadi asubuhi. Baada ya wiki mbili betamethasoni ilipunguzwa hadi usiku mbili kwa wiki kwenye maeneo yanayorudia, hata kama ngozi inaonekana nzima, kwa kuwa inflamesheni hubaki chini ya ngozi kwa muda baada ya macho kuridhika.

Wiki ya saba akarudi. Nyuma ya goti moja palikuwa na eneo la ukubwa wa kiganja chake lililolowa na kuwa na magamba machache ya njano. Hakuwa na homa, mitoki wala maumivu. Bibi alikuwa ameshauriwa na jirani aombe "ile kapsuli iliyomponya." Hapa sikutoa antibiotiki. Betamethasoni ilirudishwa kuwa ya kila siku, mafuta yakaongezwa, maji ya klorini yakaendelea, na tukakubaliana anipigie simu homa ikipanda au maumivu yakianza. Kwa siku sita eneo lilikauka. Ingekuwa kubwa kidogo lakini la sehemu moja, ningefikiria asidi ya fusidiki kwa siku tano hadi saba na si zaidi. Mupirosini, antibiotiki nyingine ya kupaka, naiweka akiba kwa ajili ya MRSA.

Kwenye daftari lake la kliniki kumeandikwa mpangilio wa kufuata mlipuko unaofuata utakapokuja, kwa lugha ambayo dada yake wa darasa la sita anaweza kumsomea bibi: kwanza steroidi na mafuta nyumbani siku hiyo hiyo; pakiwa na usaha ulioenea, homa au mitoki, aje kliniki kabla ya kununua kapsuli yoyote; pakiwa na malengelenge au vidonda vya duara vinavyofanana, hasa karibu na jicho, aje bila kungoja kesho. Duka la dawa la mtaani nalo limeandikiwa barua fupi kuomba lisimuuzie krimu ya mchanganyiko, na mwenye duka ameikubali.